Kujitolea Kuhesabu na Kulinda Ndege Mida, Sabaki na Arabuko-Sokoke: Mwongozo kwa Mkaazi wa Malindi

Vijana wengi wa Malindi na Watamu wamezoea kuwaona watu wenye darubini shingoni wakishuka Gede, wakaamua kwamba hayo ni mambo ya wageni. Mgeni hukaa wiki mbili akaenda zake. Kinachokosekana ni mtu wa hapa hapa, anayeweza kurudi pahali pale pale mwezi hadi mwezi, masika na kiangazi, na kuandika alichokiona bila kukitia chumvi. Mwongozo huu ni wake. Mapenzi ya ndege utayapata mwenyewe njiani. Hapa tutashika kazi: wapi pa kwenda, lini, nani wa kumwona kwanza, na jinsi ya kuhesabu. Tutagusa pia mambo mawili matatu ambayo watu huyafanya kwa nia njema yakaishia kuharibu.

Chagua pahali pamoja kwanza

Kutoka Malindi mjini unaweza kufika kwa matatu katika sehemu tatu zisizofanana hata kidogo.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndicho kipande kikubwa zaidi kilichobaki cha msitu wa pwani katika Afrika Mashariki. Ukiingia kutoka upande wa bahari unakuta msitu wa miti mchanganyiko, kisha ukanda wa miti ya mirihi juu ya mchanga mweupe, na mbele zaidi, kwenye udongo mwekundu, msitu mzito wa miti ya Cynometra. Ndege wamegawana sehemu hizo. Bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1966, hukaa kwenye Cynometra. Mnana wa Clarke, ambaye duniani kote hajulikani nje ya Kaunti ya Kilifi, hupita kwa makundi juu kwenye vilele vya mirihi. Miaka mingi hakuna mtaalamu aliyejua anajenga kiota wapi, hadi mwaka 2013 viota vilipoonekana kwenye kinamasi huko Dakatcha.

Mida ni hori la mikoko na matope lililo nyuma ya Watamu, chini ya hifadhi ya bahari. Sabaki ni mdomo wa mto, kaskazini ya mji: panda matatu za kwenda Marereni au Garsen, ushuke ukishavuka daraja, kisha upite kijijini kwa miguu kuelekea baharini.

Usijaribu zote tatu kwa pamoja. Chagua moja iliyo karibu na kwako, ile ambayo nauli yake haitakushinda mwezi wa fedha chache. Mtu anayehesabu Sabaki kila mwezi kwa miaka miwili ana faida kuliko yule aliyezunguka pwani nzima mara moja. Mabadiliko hayaonekani kwa hesabu moja.

Nani wa kumwona

Usiingie msituni wala matopeni peke yako ukisema unajitolea. Arabuko-Sokoke inasimamiwa kwa pamoja na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS), taasisi ya utafiti wa misitu KEFRI na Makumbusho ya Taifa. Anza kwenye kituo cha Gede, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Chukua kitambulisho chako, kwa sababu ada ya Mkenya ni ya chini kuliko ya mgeni, na ueleze wazi unataka kufanya nini na kwa muda gani. Hapo hapo utawapata waongoza wageni wa msitu, watoto wa vijiji vya jirani wanaomtambua ndege kwa sauti kabla hujamaliza kuinua darubini. Mlipe mmoja wao asubuhi ya kwanza. Utajifunza zaidi kuliko kusoma mwezi mzima.

Watamu kuna shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, ambao kwa miaka mingi wamefanya hesabu za ndege na kuwavisha pete, na wana mpango wa kuwasomesha watoto wa sekondari wanaoishi kando ya msitu. Shirika la Nature Kenya nao hufanya kazi na vikundi vya jamii katika eneo hili. Gede pia ndiko uliko mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambao wakulima wa kando ya msitu hufuga mabuu wa vipepeo wanaouzwa nje ya nchi. Utembelee hata kama vipepeo si shauku yako, upate kuelewa kwa nini mwenye shamba hapo anaweza kuutaka msitu ubaki.

Sabaki na Mida, kabla ya ofisi yoyote, piga hodi kijijini. Mwone mzee wa mtaa na viongozi wa wavuvi. Mtu anayesimama ufukoni na darubini kubwa akiandika daftarini hushukiwa upesi kuwa anapima ardhi ya mtu, na pwani hii ina sababu zake za kushuku hivyo. Ukiulizwa, "Bwanangu, mwapima nini hapa?" jibu kwa utulivu: "Twahesabu ndege, mjomba. Karibu utazame." Mpe darubini. Mvuvi akishamwona heroe kwa karibu, mara nyingi ataanza kukueleza mwenyewe wanapolala na mwezi wanaokuja, na habari hizo hazimo katika kitabu chochote.

Jambo moja la sheria: ukitaka kufanya utafiti wako mwenyewe, mbali na kuisaidia hesabu iliyopo, utahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti. Kuokota mayai au kukamata ndege hapana kabisa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haina mchezo.

Vifaa

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane, inatosha kwa msitu na kwa ufuko. Zile za 10 au 12 hutikisika mkononi, na za 20 zinazouzwa rahisi mjini ni za kupoteza pesa. Kwa Mida na Sabaki kundi liwe na teleskopu moja ya miguu mitatu. Daftari liwe dogo na gumu, na penseli, kwa kuwa wino huyeyuka kwa jasho na mvua. Nguo za rangi ya majani makavu, suruali ndefu kwa ajili ya siafu na mbu, kofia, maji ya kutosha kwenye chupa ya kudumu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika hifadhi, misitu na fuo zinazolindwa. Matopeni vaa viatu vya kufunga kamba, maana malapa yatabaki huko. Na kila ukitoka baharini pangusa darubini kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kwani chumvi inakula vioo polepole.

Ndege wa kuanza nao

Anza na wale wakubwa, ukijifunza maumbo. Heroe, mwari, yangeyange, korongo, kwarara, domomwiko: hao utawashika siku moja. Shakwe na buabua wachukue wiki ya pili. Ugumu uko kwa ndege wadogo wa matopeni, vitwitwi na chamchanga, ambao wakiwa hapa huvaa rangi ya kijivu na kahawia wote, na hata wazoefu hubishana juu yao. Angalia mdomo kwanza, halafu mwendo. Kitwitwi ana mdomo mfupi, hukimbia hatua chache, husimama, hudonoa. Chamchanga ana mdomo mrefu na hupekecha tope bila kupumzika. Sululu utamjua kwa mdomo uliopinda chini.

Mida ina mgeni wake wa heshima, Dromas ardeola, ndege mweupe na mweusi mwenye miguu mirefu na mdomo mnene mweusi wa kuvunjia kaa. Huzaa mbali, kwenye visiwa na fuo za mchanga za upande wa Uarabuni na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe humo, jambo la ajabu kwa ndege wa aina yake. Kisha hushuka pwani yetu kupitisha miezi ya kaskazi.

Bahari ndiyo yenye ratiba

Hapa ndipo wanaojitolea wapya wanapopoteza nauli. Maji yakipwa, matope ya Mida ni mapana mno. Ndege wametawanyika hadi upeo wa macho, na huwezi kuwahesabu. Maji yakijaa, husukumwa pamoja hadi sehemu chache zilizobaki kavu, na hapo ndipo penye hesabu.

Watoto wa wavuvi wanajua haya, lakini tuyaandike. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku muda husogea mbele karibu dakika hamsini, wakati mwingine kidogo chini ya hapo. Siku za maji mafu maji hujaa asubuhi, lakini hayapandi sana, kwa hiyo matope hayafunikwi yote na ndege hawakusanyiki vizuri. Kwa hesabu ya Mida, basi, chagua alasiri ya bamvua na uwe umeshakaa mahali pako kwenye saa nane. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko baharini. Ukitaka kuwatazama wakila, kaa kwenye daraja la mbao la jamii, lile lipitalo kati ya mikoko, maji yanapopanda, nao watakuja wakirudi nyuma kuelekea kwako.

Upepo nao una watu wake. Wageni wa kaskazini, wakiwemo wanaozaa Siberia, huanza kufika Agosti na Septemba na wengi huondoka Aprili. Wakati wa kusi wengi husema hakuna ndege, wakalala nyumbani. Lakini ndege wachanga ambao hawajafikia umri wa kuzaa hubaki, na Sabaki hupokea wageni wengine kutoka Madagaska, Glareola ocularis, wanaoruka kama mbayuwayu juu ya mchanga wakiwinda wadudu. Hesabu ya Julai ina thamani yake, tena ndiyo inayokosa watu.

Kuhesabu kwenyewe

Nendeni wawili au watatu: mmoja anatazama na kusema kwa sauti, mwingine anaandika bila kunyanyua macho. Anayetazama akianza pia kuandika, kundi litaruka akiwa ameinama.

Kabla ya ndege hata mmoja, andika tarehe, mahali, saa ya kuanza, hali ya maji, upepo, mawingu, majina ya wahesabu, na usumbufu wowote: mbwa, pikipiki ufukoni, wachimba chambo, wapiga picha. Safu hiyo ya usumbufu watu huiacha wazi, na ndiyo itakayoeleza baadaye kwa nini mwezi fulani hapakuwa na ndege.

Kundi dogo hesabu mmoja mmoja. Kundi kubwa hesabu kwa mafungu. Hesabu kumi, tazama wamechukua nafasi gani, kisha upime kundi zima kwa fungu hilo. Wakiwa mamia, fungu liwe hamsini. Macho ya mtu asiyezoea hupunguza makundi makubwa, kwa hiyo fanya mazoezi nyumbani: tupa kiganja cha kunde kwenye mkeka, kadiria upesi, halafu uzihesabu. Rudia hadi makadirio yako yaache kukuaibisha.

Kundi likiwa la mchanganyiko, pata kwanza jumla yake. Kisha pitisha teleskopu polepole juu ya ndege mia moja kutoka sehemu mbalimbali za kundi na uandike kila mmoja ni wa aina gani, upate mgawanyo. Usichukue wale wa ukingoni tu, kwa kuwa aina nyingine hupenda pembeni.

Usiyemtambua usimbatize jina. Andika "vitwitwi wadogo, aina haikujulikana, 140". Namba hiyo inafaa kazi. Jina la kubahatisha linachafua hesabu nzima, na likishaingia kwenye kumbukumbu ni kazi kulitoa. Vilevile, uliyemtafuta ukamkosa mwandikie 0. Ukiacha nafasi wazi, anayesoma miaka kumi baadaye hatajua kama hakuwepo au hamkumtafuta.

Usisogee karibu mno. Ndege aliyepumzika maji yakijaa anaweka akiba ya nguvu, na anayekaribia safari ya Siberia hana nguvu ya kuchezea. Dalili ni hizi: vichwa vinainuka vyote pamoja, wanaacha kujisafisha, wanaanza kutembea kuelekea upande mmoja. Simama hapo hapo, rudi nyuma hatua chache. Wakiruka, umechelewa, na hesabu yako nayo imeharibika. Sabaki kuna sababu ya pili ya kuangalia unapokanyaga, kwani mtoni mna viboko na mamba. Usikatize mto kwa mguu, na usikae penye magugu jua likitua.

Kwa nini tujisumbue na namba hivi? Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda maeneo oevu, una vigezo vinavyopimika: eneo oevu huhesabiwa kuwa muhimu kimataifa likitunza mara kwa mara ndege wa majini 20,000, au asilimia 1 ya ndege wote wa aina moja au jamii yake. Delta ya Tana, jirani zetu wa kaskazini, iliingia kwenye orodha hiyo mwaka 2012. Mtu akija na ramani ya hoteli au ya mashamba ya chumvi, kusema kwamba hapa kuna ndege wengi hakumzuii. Jedwali la miaka kumi lenye tarehe na saa ni vigumu kulipuuza. Kila Januari hufanyika hesabu ya ndege wa majini inayounganisha nchi nyingi. Uliza A Rocha Kenya au Makumbusho ya Taifa ujiunge na kundi la pwani.

Msituni mambo ni mengine

Msituni utasikia zaidi ya utakavyoona. Uwe ndani kufikia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa nne joto likishapanda, kimya kinatawala. Tembea na mwongoza wageni au askari wa msitu, kwa sababu kuna ndovu, na ndani ya vichaka vile unaweza kumkaribia bila kumwona. Angalia pia kifutu njiani, hasa penye majani makavu.

Ndege wa huku huzunguka kwa misafara ya aina nyingi pamoja. Unaweza kutembea nusu saa bila chochote, kisha mti mmoja ukajaa. Msafara ukifika simama, na umwandike kila mmoja kabla haujapita. Chini, kwenye majani makavu, sikiliza mchakacho wa miguu: huenda ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama mdogo wa pua ndefu, ambaye msitu huu ndio ngome yake kuu. Ukibahatika sana utamwona paa nunga, swala mdogo adimu.

Kwa msitu hesabu ya vichwa haifai sana, tumia orodha. Mpango wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika miraba ya dakika tano kwa dakika tano, takriban kilomita tisa kila upande. Unatafuta ndege ndani ya mraba mmoja kwa angalau saa mbili, ukiandika kila aina kwa mpangilio ulivyoiona kwanza, na unaweza kuendelea kuongeza hadi siku tano. Programu ya simu iitwayo BirdLasser hufanya kazi hiyo hata pasipo mtandao, kisha unatuma ukirudi Gede. Miraba ya Watamu ina orodha nyingi. Mimi ningekuambia uende ule ambao hauna.

Kuhusu bundi wa Sokoke nina neno kali. Ana urefu wa sentimita 16 hadi 18 tu, na watu humwita kwa kumchezea sauti iliyorekodiwa ili wapige picha. Anadhani amevamiwa na mwenzake, anaacha kuwinda ili atetee mipaka. Mara moja si msiba, lakini eneo lile lile likipigiwa sauti kila juma ni mateso. Usifanye, na usiweke mtandaoni mti anaolala mchana.

Tena utakutana na imani kwamba bundi ni uchuro. Mzee akikuambia aliua bundi aliyelia juu ya paa, usimcheke wala usimhubirie. Mwamkie, kaa, muulize kuhusu panya ghalani. Bundi wa karibu na nyumba hula panya usiku kucha, na hiyo ni hoja ambayo mkulima wa mahindi anaipima mwenyewe.

Kazi nyingine utakazoitwa

Upandaji mikoko unapendwa sana na wapiga picha. Kabla hujajiunga, uliza pahali penyewe palikuwa na nini. Kukiwa na visiki vya zamani, sawa, ilimradi KFS wamekubali, maana mikoko ya pwani ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Lakini kuchomeka mbegu ndefu za mkoko kwenye tope lililokuwa wazi siku zote ni kosa mara mbili. Nyingi zitakufa, kwani kila aina ina kiwango chake cha maji: mlilana mbele kabisa, mkoko wenyewe wa mbegu ndefu nyuma yake, mkandaa na mchu kuelekea nchi kavu. Na zikishika, mmefunika meza ya chakula ya ndege wale wale mliosema mnawalinda. Mara nyingi kuzibua mfereji ulioziba, maji yapite, kunaleta miche mingi kuliko jembe.

Doria za kutegua mitego ya waya hufanywa pamoja na askari, basi. Ukiuona mtego ukiwa peke yako, piga picha, weka alama ya mahali kwenye simu, ondoka, toa taarifa. Aliyeutega anaweza kuwa karibu, na askari wanaweza kutaka kumsubiri.

Pete na bendera miguuni

Ndege wengine wa Mida wamevishwa pete ya chuma, na baadhi yao pete au bendera za rangi. Kuwavisha ni kazi ya wenye leseni tu, chini ya mpango wa Makumbusho ya Taifa. Kazi yako ni kusoma. Andika mguu upi, kulia au kushoto kwa ndege mwenyewe na si kwako, juu au chini ya goti, na rangi kuanzia juu kwenda chini. Piga picha hata kama ni mbaya. Usijaribu kumkamata. Ukimkuta amekufa, nakili namba na maandishi yote ya pete, tarehe na mahali, upeleke taarifa kwa A Rocha Kenya Watamu au idara ya ndege ya Makumbusho, Nairobi. Ikiwa anwani iliyoandikwa kwenye pete ni ya nchi nyingine, wapelekee hao hao, nao wataifikisha.